Makumbusho ya Olduvai: ukuta wa bonde ndio maonyesho yenyewe

Wageni wengi hufika Olduvai wakiwa njiani. Wametoka kreta ya Ngorongoro, wanaelekea Serengeti, na dereva amewatengea nusu saa: msalani, maelezo mafupi kibarazani, picha mbili tatu za bonde, kisha safari inaendelea. Kwa nusu saa hiyo kiingilio hakilipi, na ni afadhali hilo lisemwe mapema. Kwa muda wa saa tatu hadi nne, ukishuka bondeni pamoja na mwongozaji, utapata somo la historia ya binadamu ambalo kitabu hakiwezi kukupa, maana udongo wenyewe umekaa mbele yako kwa mpangilio wa miaka, wa kale chini na wa karibuni juu.

Kutoka barabara kuu ni kama kilomita 5. Njia panda utaitambua kwa sanamu mbili kubwa za mafuvu zilizowekwa mwaka 2019: moja ni ya Zinjanthropus, nyingine ni ya Homo habilis, zamadamu wawili waliopatikana bondeni humu. Jengo la sasa lilifunguliwa Oktoba 2017, likapokea kazi ya makumbusho madogo yaliyoanzishwa na mwanaakiolojia Mary Leakey miaka ya 1970. Liko ukingoni kabisa, pale bonde kuu linapokutana na bonde la pembeni, na hakuna sehemu nzuri kuliko hiyo ya kulitazama. Bonde lote lina urefu wa kilomita 48 hivi na kina kinachofika karibu mita 90.

Kwanza, ujue kisichokuwepo. Fuvu halisi la Zinjanthropus haliko hapa. Lilikaa Nairobi kwa miaka kadhaa baada ya kupatikana, likarudishwa Tanzania mwaka 1965, na linahifadhiwa Dar es Salaam katika Makumbusho ya Taifa. Nyayo za zamadamu za Laetoli nazo hazipo. Zimefukiwa kwa makusudi huko huko Laetoli, kusini mwa bonde. Sehemu kubwa ya utakachokiona kwenye vyumba vya zamadamu ni nakala zilizofinyangwa kutoka kwenye masalia halisi. Hilo halipaswi kumkera mtu. Nakala nzuri hubeba kila mfereji na kila ufa wa asili, na mfupa wa karibu miaka milioni 2 si kitu cha kuachwa kwenye vumbi na joto linalopanda na kushuka kila siku. Atakayekuja akitarajia kusimama mbele ya kitu chenyewe ndiye atakayeondoka amenuna.

Kwenye mafuvu, anza na OH 5, yaani Zinj (OH ni kifupi cha Olduvai Hominid, zamadamu wa Olduvai). Mary Leakey alilikuta tarehe 17 Julai 1959 wakati mumewe Louis amelala kambini anaumwa. Jina la Zinj limetokana na jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu, kwa hiyo hata mgeni wa Zanzibar ana chake humu. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei. Usiishie usoni. Tazama utosini, kuna ukingo wa mfupa uliosimama kutoka mbele kwenda nyuma. Hapo ndipo misuli ya taya ilipojishikiza, na ukubwa wake unaeleza ukubwa wa magego yaliyo chini. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa meno yale yalikuwa ya kuvunjia kokwa ngumu. Vipimo vya kaboni kwenye enameli ya meno vikaonyesha jambo jingine: zaidi ya robo tatu ya chakula chake ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago, vitu vya kutafunwa kutwa nzima. Mwongozaji akikwambia habari ya kokwa, muulize habari ya nyasi, mazungumzo yatanoga.

Ubongo wa OH 5 ulikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 500 hivi. Linganisha na OH 9, fuvu la Homo erectus kutoka bonde hili hili, lenye zaidi ya 1,000. Wetu ni karibu 1,350. Katikati yao yuko Homo habilis, aliyetangazwa mwaka 1964 kutokana na masalia ya OH 7: taya, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono vilivyoanza kuonekana mwaka 1960. Jambo ambalo wageni hulipita bila kulishika ni kwamba habilis na Zinj waliishi zama moja, kando ya ziwa moja. Mmoja hakumzaa mwingine. Mchoro wa nyani anayesimama hatua kwa hatua hadi kuwa mtu, ule unaochapwa kwenye fulana, unakufa katika chumba hiki, na ukitoka umeelewa hilo tu, umepata faida.

Mwulize mwongozaji pia habari za Peter Nzube, fundi wa uchimbaji aliyekuta OH 24 mwaka 1968, fuvu la habilis lililokuwa limekandamizwa kama chapati na kuunganishwa upya kwa subira kubwa. Majina ya watu kama yeye husikika kidogo mno ukilinganisha na ya akina Leakey, ilhali macho yao ndiyo yaliyookota sehemu kubwa ya vitu vilivyomo humu.

Kwa zana za mawe, wengi huona kokoto zilizovunjika na kupita. Shika kanuni mbili. Jiwe lililovunjwa na mtu huwa na sehemu bapa ya ukingoni ilipopigwa, na chini yake kwenye kipande kilichobanduka kuna uvimbe mdogo laini. Jiwe lililopasuka kwa jua au kwa kubiringishwa na maji kwa kawaida halina mpangilio huo. Ya pili ni kutazama kama mabanduko yanafuatana upande mmoja, moja likianzia palipoishia jingine. Hapo kuna mkono uliokusudia. Zana za mtindo wa Oldowan, uliopewa jina kutokana na bonde hili, ni hizo: jiwe la kugongea, jiwe mama, na vipande vikali vilivyobanduka. Vipande ndivyo vilivyokuwa visu. Zana zilizochongwa pande mbili kwa umbo la tone la maji, za mtindo wa Acheulean, zinaanza hapa karibu miaka milioni 1.7 iliyopita.

Angalia na aina ya mwamba. Kwatsaiti nyeupe inayometameta ilitoka Naibor Soit, kilima unachoweza kuoneshwa kwa kidole upande wa kaskazini. Mawe meusi ni ya lava kutoka kwenye volkano za kusini. Maana yake zamadamu walibeba mawe kwa kilomita kadhaa hadi mahali pa kazi, na walijua lipi linafaa kwa kukata na lipi kwa kuponda.

Makabati hayawezi kwenda na kasi ya utafiti, kwa hiyo beba habari mbili kichwani. Mwaka 2021 zilitangazwa zana za mawe kutoka Ewass Oldupa, upande wa magharibi wa bonde, zenye miaka milioni 2 hivi. Na mwaka 2025 zikatangazwa zana 27 za mifupa, mingi ikiwa ya miguu ya tembo na viboko, zilizochongwa miaka milioni 1.5 iliyopita kwa ufundi ule ule wa kubandua mawe.

Sehemu ya Laetoli inastahili dakika nyingi kuliko inazopewa. Nyayo zenyewe zina miaka milioni 3.66. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita, majivu yakakauka na kugandamana kabla tabaka jingine halijayafunika. Mpangilio huo ungekosea kidogo tu, mvua ikizidi au majivu mapya yakichelewa, tusingekuwa na kitu. Nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976, za zamadamu mwaka 1978, katika mstari wa mita 27 hivi. Kwenye nakala, tazama kidole gumba cha mguu: kimelala sambamba na vidole vingine, hakijachanua pembeni kama cha sokwe. Tazama kisigino kilivyozama. Huyo alikuwa anatembea wima, zaidi ya miaka milioni moja kabla ya zana yoyote iliyopatikana Olduvai.

Na sababu ya kuzifukia? Baada ya uchimbaji, nyayo zilifunikwa kwa mchanga na udongo, na ndani ya udongo huo kulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye tabaka la nyayo. Ndipo mwaka 1995 na 1996 wataalamu wa Tanzania pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani walipoua miti, wakatoa mizizi, wakachukua nakala mpya, kisha wakafukia tena kwa mpangilio: mchanga, vitambaa maalumu vinavyozuia mizizi lakini vinapitisha unyevu, udongo, na juu kabisa mawe ya lava ya kuzuia mmomonyoko. Anayelalamika kwamba serikali "imezificha" nyayo aoneshwe picha za ile mizizi. Sehemu nyingine ya nyayo huko huko Laetoli, inayojulikana kama Eneo S, ilichapishwa mwaka 2016 na watafiti wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki.

Sasa bonde. Kutoka kibarazani utaona mistari. Mwekundu ndio rahisi kuutambua: ni Tabaka la III, lililopata rangi kutokana na chuma kilichoshika kutu. Uutumie kama alama. Chini yake ni Tabaka la II, na chini zaidi Tabaka la I, lenye Zinj, kati ya miaka milioni 2 na 1.8. Juu ya wekundu ni Tabaka la IV, kisha Masek, Ndutu na Naisiusiu, ambalo ni la juzi juzi, chini ya miaka 25,000. Ukishindwa kuona mistari, kosa huenda ni la saa: jua la utosini hufuta vivuli na kila kitu hugeuka rangi ya vumbi. Fika asubuhi mapema au baada ya saa tisa alasiri.

Umri wa tabaka hizi haukukisiwa. Majivu ya volkano yana fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa kasi isiyobadilika. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25. Volkano ikilipuka, joto hufukuza argoni ya zamani, saa inaanza sifuri. Mtaalamu huchagua fuwele, huziyeyusha na kupima argoni iliyojikusanya. Hatari ni fuwele za miamba ya zamani zaidi kuchanganyika na majivu mapya wakati maji yanasomba udongo, na hapo umri hutoka mkubwa kuliko ukweli. Ndiyo maana siku hizi hupimwa fuwele moja moja. Kipimo cha kwanza cha mahali pa Zinj, mwaka 1961, kilitoa miaka milioni 1.75, kipimo cha kisasa kinatoa karibu milioni 1.84. Ukisikia namba zote mbili siku moja, usidhani mtu anakudanganya.

Kosa jingine la kale linafundisha zaidi. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck, mtaalamu wa miamba, alichimba kiunzi cha mtu kamili katika tabaka la zamani, na kwa miaka karibu ishirini kukawa na ubishi kama binadamu wa kisasa aliishi zama zile. Kumbe lilikuwa kaburi. Mtu wa miaka karibu 17,000 iliyopita alizikwa kwa kuchimba kwenda chini, ndani ya udongo wa kale kuliko yeye. Tangu hapo hakuna mchimbaji makini anayeandika umri wa mfupa bila kukagua kama tabaka limevurugwa.

Kushuka hadi FLK, mahali pa Zinj, ni lazima uwe na mwongozaji wa pale. Omba maelezo kwa Kiswahili. Katika kifupisho hicho, K ni korongo, neno letu lenyewe, na liko kwenye majina ya maeneo mengi ya bonde: BK, DK, MNK, JK. Penye fuvu pana jiwe la kumbukumbu. Hapo zilichimbuliwa zana za mawe karibu 2,500 pamoja na maelfu ya vipande vya mifupa. Mwombe mwongozaji aeleze alama za mifupa: mkato wa jiwe ni mfereji mwembamba wenye umbo la V na mistari midogo ndani, ila jino la simba au fisi huacha alama pana ya duara. Kama zamadamu waliwinda au waliwahi mizoga iliyoachwa na wanyama wawindaji, bado wataalamu wanavutana, na hoja za pande zote mbili zinatokana na mifupa hii hii.

Pale chini fanya hesabu. Mita 90 zimebeba miaka milioni 2 hivi, yaani mita 45 kwa kila milioni. Ni makadirio ya mkono tu, maana mlipuko mmoja unaweza kumwaga nusu mita ya majivu kwa siku chache, kisha miaka elfu ipite bila kuongeza chochote. Lakini tuendelee. Kwa kipimo hicho nyayo za Laetoli zingekuwa mita 165 chini ya uso wa mbuga, yaani mita 75 chini ya sakafu unayosimama. Mwisho wa dinosaria, miaka milioni 66, ni kilomita 3 kwenda chini. Wale wa Tendaguru mkoani Lindi, ambao mifupa yao imo Berlin, ni karibu kilomita 7. Uhai wa mwanzo wenye ushahidi unaokubalika, miaka bilioni 3.5, ni kilomita 157. Dunia yenyewe, bilioni 4.54, ni kilomita 204. Ulimwengu, bilioni 13.8, ni kilomita 621, umbali unaokaribia safari ya basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, ila umeelekezwa chini.

Upande wa juu je? Homo sapiens, miaka 300,000, ni mita 13 na nusu. Kilimo ni nusu mita. Maandishi, tangu Sumeri na Misri, ni shubiri moja. Msikiti Mkuu wa Kilwa, kwa sehemu yake ya kale kabisa, ni upana wa vidole viwili. Makumbusho hayafundishi habari ya nyota wala ya bakteria wa kwanza, na anayetaka historia yote ya ulimwengu chini ya paa moja atafute kwingine. Kwa kazi ya kuufanya muda uonekane kwa macho, hapa pamefaulu.

Mambo ya mfukoni na ya njiani. Makumbusho yana ada yake, nje ya kiingilio cha Hifadhi ya Ngorongoro. Mtanzania na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha mgeni wa mbali, ila awe na kitambulisho. Ukikisahau, usimlaumu mtu getini. Usitegemee noti mkononi: lipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, na ulimalize kabla ya kuingia sehemu zisizo na mtandao. Kibali cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Anayerudi kutoka Serengeti kupitia Ngorongoro huhesabiwa kuwa ameingia upya, kwa hiyo kuahirisha Olduvai "tutapitia tukirudi" kunaweza kukufinya muda. Iweke mwanzo wa safari.

Vaa viatu vilivyofungwa. Udongo wa mteremko ni wa vumbi lenye changarawe, na ndala huteleza. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu anayeshuka, na kofia. Bondeni kivuli ni haba. Kwa mzee au mwenye goti bovu, ulizia kushuka kwa gari. Watoto wa chini ya miaka minane hivi huchoka kwenye mafuvu lakini hufurahia nyayo: wapimishe hatua zao kando ya nakala.

Usiokote kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hata kipande cha jiwe kilichochongwa, na zaidi ya sheria, jiwe likitoka mahali pake limepoteza umri wake. Ukiona kitu, kiache kilipo, piga picha, mwite mwongozaji.

Ukibaki na muda, omba dereva akupeleke kwenye mchanga unaohama, kaskazini mwa bonde. Ni tuta jeusi la majivu yanayohusishwa na Ol Doinyo Lengai, lenye kimo cha mita 9 hivi na umbo la mwezi mwandamo, linalosukumwa na upepo kwa wastani unaotajwa wa mita 17 kwa mwaka. Vigingi vyenye miaka vinaonesha lilikopita. Nenda na sumaku ndogo. Chembe zake zina madini ya chuma na zitaning'inia kwenye sumaku kama ndevu. Hapo nusu saa inatosha.